Mwiba wa Miaka Mitatu

Anab hukama ng'ombe mapema, kabla jua halijaanza kukichoma kijiji cha Sangailu. Zamani alikama kwa haraka, kwa sababu mumewe Gabow alikuwa akingoja kuwapeleka malishoni. Siku hizi hakuna haraka. Ng'ombe huenda na shemeji, na Gabow hukaa mlangoni akiosha mguu wake kwa ajili ya udhu.

"Leo umetoka mwingi, alhamdulillahi," alisema asubuhi moja.

Alimaanisha mwiba. Miaka mitatu iliyopita mwiba wa mgunga ulimchoma kisiginoni. Aliung'oa, akaendelea na safari. Baadaye kilitokea kivimbe kigumu kisichouma. Ndugu yake Sakariye akakichoma kwa msumari wa moto, kama wazee wao walivyofanya. Kivimbe hakikujali. Unyayo ulivimba wote, ukatoboka vitundu, na humo zikaanza kutoka chembe nyeusi, ndogo kama pilipili manga iliyotwangwa. Gabow aliamini ni vipande vya mwiba vinavyojitoa vyenyewe. Akaamua kuvumilia. Jamani, na uvumilivu nao una mahali pake!

"Baba Iftin," Anab alimwuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao, "mwiba ule ulikuwa na urefu gani?"

Gabow alionyesha nusu ya kidole.

"Mbona basi haumaliziki? Kwa chembe nilizoziona mimi, ungekuwa umeshatoka mgunga mzima."

Gabow alicheka, lakini Anab hakucheka. Swali lilimganda. Siku hiyo hiyo alikwenda kwa Idman, muuguzi wa zahanati.

"Chembe nyeusi?" Idman alishtuka. "Eedo, shangazi yangu, mbona hamkuniambia? Amekuja hapa mara mbili, na mara zote mguu ulikuwa safi, unang'aa."

"Sasa atakujaje kwa watu na uchafu?"

"Uchafu huo ndio tuliouhitaji. Mliosha, mkamwaga habari yote." Idman alimpa glovu, kitambaa safi cha vidonda na kichupa chenye maji ya chumvi ya hospitali. "Kesho, kabla hajaosha, chukua chembe hizo uzitie humu. Kisha mwende hospitali ya Garissa."

Asubuhi yake Anab alizitia chembe kichupani, lakini Gabow hakutaka kusikia habari za Garissa.

"Watanikata mguu," alisema. "Mtu wa mguu mmoja atafuata ng'ombe vipi?"

"Mimi pia naogopa, wallahi," Anab alisema. "Lakini nataka kujua. Wewe hutaki?"

Gabow alikishika kichupa, akakigeuza kwenye mwanga. Chembe zilizunguka, zikatua chini. Alizitazama kwa muda mrefu.

"Hazifanani na mwiba," alisema polepole.

Huko Garissa walipokelewa na Daktari Jillo, Mborana wa upande wa Wajir. Hakujua Kisomali vizuri, kwa hiyo walizungumza Kiswahili. Mguu ulipigwa picha. Kipande kidogo cha nyama kilikatwa kikapelekwa maabara. Chembe zilipondwa zikawekwa chini ya darubini. Anab aliuliza maswali mengi hata daktari akamwita aje ajionee mwenyewe.

Anab aliinama. Aliona nyuzi nyembamba, zimesukana ovyo.

"Hii ni nini?"

"Ukungu, mama."

"Kama ile ya mkate wa anjera ukilala?"

"Jamaa zake. Huu hukaa udongoni na kwenye miba. Ukichomwa, unaingia ndani ya nyama na kukua taratibu. Kwa kawaida mwanzoni hauumi, ndiyo maana watu huchelewa."

"Mimi nilimeza dawa mingi," Gabow alisema. "Hakuna kitu ilisaidia."

"Zile zilikuwa za bakteria, mzee. Na kweli, upo ugonjwa wa bakteria unaofanana sana na huu. Kwa macho tu ni rahisi kukosea, na dawa zake ni tofauti. Lazima tupime kwanza."

"Nitapatia mke yangu? Ama ng'ombe?"

"Hapana, hauambukizi. Mnyama akichomwa anaweza kuupata, lakini ni mara chache sana. Naye hupimwa hivi hivi."

Gabow aliugusa mguu wake. "Na mguu yangu? Utakata?"

Daktari aliinua picha kwenye mwanga. Anab aliacha kuuliza.

"Mfupa bado mzima," daktari alisema. "Utameza vidonge vya kuua ukungu kwa miezi. Tutapima damu kuona kama ini linavistahimili. Kisha tutatoa uvimbe tu, na vidonge vitaendelea. Ukiacha katikati, ugonjwa utarudi."

Gabow alijifunika uso kwa ncha ya kikoi, akalia kwa furaha bila kuona haya.

Matibabu yalichukua zaidi ya mwaka. Mara nyingi Gabow alichoka, na kila mara Anab alimletea chakula na kidonge, akasimama pale pale mpaka kimezwe. Uvimbe ulitolewa. Vitundu vikaziba. Gabow akarudi malishoni, akichechemea kidogo, amevaa viatu vya kufunika mguu.

Jioni moja aliwakuta Anab na Sakariye karibu na moto. Msumari ulikuwa kwenye makaa, umekwisha kuwa mwekundu. Sakariye alikuwa amevua kandambili.

"Ni kivimbe tu," Sakariye alisema. "Nilichomwa na mwiba wakati wa mvua. Nakichoma mara moja kiishe."

Gabow aliinama akakibonyeza. "Kinauma?"

"Hata kidogo!"

Gabow aliutoa msumari motoni, akautupa mchangani.

"Kama hakiumi, vaa kandambili," alisema. "Twende kwa Idman sasa hivi."

Anab alikuwa amekwisha kuingia ndani kutafuta kichupa.