Koili ya Silinda ya Tatu

Mkunga alikuwa na gari dogo jekundu lenye turbo. Wodini aliwapokea watoto kwa upole. Barabarani, weee! Jumamosi hiyo angeshindana kwa mara ya kwanza, katika mbio za magari kwenye uwanja wa zamani wa ndege.

Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu. Kazi yake ilikuwa kuosha gari. Jumatano asubuhi aliosha milango na matairi. Kisha akafungua boneti, akaimwagia injini maji kwa mpira mpaka ikang'aa. Hakumwambia mtu.

Jioni Mkunga alipokanyaga mafuta, gari lilitetemeka. Likavuta, likasita, likavuta tena, kama mtu mwenye kwikwi. Taa ya injini ikawa inapepesa.

"Ni mguu wako, mke wangu," mume alisema. "Unakanyaga kama unaua nyoka."

"Kwani mguu huu nimeupata leo?"

"Basi ni mafuta mabaya."

Alhamisi wakajaza mafuta kituo kingine. Kwikwi palepale.

"Jitoe tu kwenye mashindano," mume akasema. "Likikuzimikia katikati, watu watacheka."

Mkunga alikuwa ameisubiri siku hiyo miaka miwili. Akavuka barabara, akamleta Nukta.

Nukta alikuwa jirani yao, fundi umeme wa magari. Alikuwa mfupi, hata alipanda kreti ili aone ndani ya boneti.

"Shemeji, taa ikipepesa hivi msiendeshe," alisema. "Petroli isiyoungua inakwenda kuharibu kichujio cha moshi."

"Sasa ugonjwa ni nini?" Mkunga akauliza.

"Injini hii ina silinda nne. Kila moja ina plagi ya kutoa cheche. Juu ya plagi kuna koili, ndiyo inayoupa umeme nguvu. Koili ikichoka, cheche inakosekana. Silinda hiyo inakaa bure, wenzake wanabeba mzigo wake."

"Kama kamati yenu ya shule," Mkunga alimwambia mumewe.

"Mbona tukienda polepole halisumbui?" mume akauliza haraka.

"Turbo inashindilia hewa nyingi. Hapo cheche inahitaji nguvu zaidi, na koili iliyochoka inaumbuka."

Nukta akachomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Kikaonyesha silinda ya tatu.

"Nikanunue koili!" mume akasema.

"Tulia, shemeji. Kifaa kinasema wapi panauma. Hakisemi kwa nini."

Injini ilikuwa imezimwa na kupoa. Nukta akachomoa soketi ya waya, akafungua boliti, akavuta koili ya tatu juu wima. Mpira wake ulikuwa umepasuka. Akamulika shimo lake kwa tochi.

"Maji! Nani ameiogesha injini?"

Mwalimu akatazama angani, kana kwamba kuna ndege anayemwita.

Nukta akakausha kila kitu, akakagua plagi. Ilikuwa nzima. Kisha akabadilisha nafasi za koili mbili: ya tatu akaiweka silinda ya kwanza, ya kwanza akaiweka silinda ya tatu. Wakawasha dakika moja tu, Mkunga akakanyaga mafuta mpaka kwikwi ikarudi. Sasa kifaa kikaonyesha silinda ya kwanza.

"Mmeona? Ugonjwa umehama na koili. Basi koili ndiyo mbovu. Ilikuwa imezeeka, shemeji, maji yako yameimalizia tu. Injini hufutwa kwa kitambaa."

"Kwa hiyo mguu wangu hauna kosa?" Mkunga akauliza.

"Hauna," mumewe akasema. "Ni mguu mzuri sana."

Ijumaa wakanunua koili nne za aina ileile ya gari lao, kwa kuwa zote zilikuwa na umri mmoja. Nukta akazifunga. Injini ikanguruma bila kusita.

Jumamosi mume alisimama kwenye uzio. Magari yalipoondoka, akafumba macho, akatega sikio. Mzunguko wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho. Hakusikia kwikwi hata moja.

Mkunga akaja mbio, kofia ngumu mkononi, jasho likimtiririka.

"Umeniona?"

"Nimekusikia!" mume alisema, macho yakimeta. "Mke wangu, umekuwa wa ngapi?"