Baba Akiwa Kazini

Kila asubuhi, kabla hata ya kupiga mswaki, Nukta alipiga picha. Siku hiyo alipiga kandambili za watu wa nyumba yao zilivyolala ovyo mlangoni, moja huku, nyingine kule. Jana yake alipiga mvuke ukitoka kwenye sufuria ya chai. Mama alimpita akiwa na ndoo ya maji, akacheka peke yake.

"Mtu mzima anapiga picha kandambili! Zikikucheka je?"

"Ni mradi wa shule, mama. Zina kazi zake hizi."

Nukta halikuwa jina lake hasa. Alizaliwa mdogo mno, mama akasema kama nukta mwishoni mwa sentensi, na ingawa sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na miguu mirefu ya kutosha, jina lilikuwa limemganda. Simu aliyotumia ilikuwa ya zamani ya mama. Kioo kilipasuka pembeni, haikupiga wala kupokea, lakini kamera yake ilikuwa nzima.

Mradi wenyewe walipewa na mwalimu wa sanaa. "Kwa siku thelathini mtapiga picha maisha yenu," aliwaambia. "Sitaki harusi, sitaki sherehe. Nataka nione mnavyoamka, mnavyotumwa dukani, mnavyosafiri mkisafiri. Kila picha iandikwe tarehe na saa. Zilizo bora zitabandikwa ukumbini siku ya wageni."

Kisha akamgawia kila mmoja karatasi yenye mistari.

"Na mtu yeyote ambaye sura yake inaonekana, aombwe kwanza, atie sahihi hapa. Asiyetaka, usimtumie. Mmenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu!" darasa zima likaitika kwa mkupuo, kama watu wanavyoitika kabla hawajafikiri.

Mwanzoni Nukta alifuata agizo hilo bila kukosea. Fundi baiskeli alitia sahihi na alama ya kidole chenye grisi juu yake. Walipopanda basi kwenda kumjulia hali bibi, alipiga dirisha lenye vumbi, kituo cha mafuta, na mama akimenya chungwa mapajani. Bibi alipoombwa, aliomba kwanza aletewe kitana, kisha akakaa wima kama anapigwa picha ya pasi ya kusafiria. Karatasi ikaanza kujaa majina.

Baba yake Nukta alifanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni. Alikuwa mwangalizi wa boila, yaani lile pipa kubwa la chuma linalochemsha maji na kutoa mvuke wa kupikia sabuni. Boila haiachwi peke yake. Lazima mtu akae mbele yake, macho kwenye geji, kipimo cha nguvu ya mvuke, na mshale ukikaribia mstari mwekundu afungue vali mvuke upungue. Waangalizi walikuwa wawili, wakipokezana usiku na mchana: baba, na mwanamume mmoja mwembamba ambaye kiwanda kizima kilimwita Msumari.

Msumari alikuwa mtu wa utani. Nukta akipeleka chakula kiwandani, alimpisha mlangoni kwa heshima zote. "Pita, mpiga picha wa serikali! Leo unatupiga ubavu gani?" Naye alitia sahihi karatasi ile mara mbili, ya pili kwa maringo, mkia wa herufi ukafika ukingoni mwa ukurasa.

Jumamosi moja baba hakurudi asubuhi kutoka zamu ya usiku. Jua lilipokuwa utosini, mama akafunga chakula kwenye hotipoti.

"Mpelekee baba yako. Labda wamempa kazi ya ziada. Na usizubae njiani na hiyo simu."

Chumba cha boila kilikuwa na joto la kumfanya mtu aone kizunguzungu. Nukta alisukuma mlango taratibu. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha mbao, kidevu kifuani, kofia imeanguka gotini, mikono imelegea kama nguo zilizoanikwa. Alikuwa amelala fofofo. Kutoka kwenye kidirisha cha juu ulishuka mwanga mmoja ulionyooka, ukamwangukia shingoni, na juu ya kichwa chake geji ilikuwa iking'aa kama mwezi.

Nukta hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Akainua simu, akapiga. Ndipo akaweka hotipoti chini, na mfuniko ukagonga sakafu.

Baba aliruka. Kabla ya kumtazama mtoto aliitazama geji, akaigonga kwa kucha, akashusha pumzi.

"Nimelala muda gani?"

"Sijui, baba. Nimeingia sasa hivi."

Baba alijipangusa uso kwa kiganja. Macho yake yalikuwa mekundu. "Niko hapa tangu jana jioni," akasema kwa sauti ya chini. "Mke wa Msumari amejifungua, hali yake si nzuri. Yuko naye hospitali. Likizo zake zimekwisha, akaogopa kuomba. Nimemshikia zamu yake ya mchana, hata daftari la mahudhurio nimemsainia. Hili libaki kati yetu, umesikia? Hata mama yako usimwambie."

"Nimesikia, baba."

Habari ya picha hakuitaja. Alijiambia atamwambia akishalala usingizi wa kutosha.

Hakumwambia. Siku zikapita, na kila alipozipitia picha zake, ile moja ilizizidi zote. Siku ya kukabidhi picha zilizochapwa, mwalimu wa sanaa aliishika mbele ya dirisha, akaisogeza karibu na macho.

"Hii ni kazi ya mtu mzima, Nukta. Hii itakaa katikati ya ukuta. Baba umemwomba?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Sahihi yake siioni hapa."

"Alikuwa na haraka. Kesho nitaileta."

Jioni ile alijifungia chumbani na daftari lake la ripoti, ambalo baba husaini kila mwisho wa muhula. Aliiga sahihi ile kwenye karatasi ya mazoezi mara sita, na ya saba akaiandika kwenye karatasi ya mwalimu. Ilifanana sana. Alijiambia hakuna aliyeumia. Chini ya picha akaandika kwa mwandiko mzuri: *Baba akiwa kazini. Jumamosi, tarehe tisa, saa saba kasoro dakika kumi mchana.* Kuhusu Msumari hakuandika hata herufi moja, kwa hiyo aliona siri ya baba imehifadhika.

Mgeni wa heshima siku ya wageni alikuwa meneja wa kiwanda cha sabuni, kwa sababu kiwanda ndicho kilichoipa shule sabuni za kunawia. Alipita ukutani taratibu, mikono nyuma, akitabasamu kwa kandambili, akitabasamu kwa bibi. Katikati ya ukuta akasimama, na tabasamu likaisha.

"Nani amepiga hii?"

"Ni mimi," Nukta akajitokeza, kifua mbele.

"Huyu ni baba yako?"

"Ndiyo. Ni mwangalizi wa boila kiwandani kwako."

"Ninamfahamu. Na tarehe hii, na saa hii, una hakika nazo?"

"Hakika kabisa. Mwalimu alisema tusikosee."

Meneja akaitikia kwa kichwa kwa upole, akatoa simu yake, akaipiga picha ile picha. Nukta alidhani ameipenda. Alikwenda nyumbani akirukaruka.

Jumatatu baba alirudi saa nne asubuhi, na buti zake za kazi zikiwa kwenye mfuko wa plastiki. Aliziweka chini, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Mama alimwuliza kuna nini.

"Tumefukuzwa. Mimi na Msumari. Mimi kwa kulala mbele ya boila na kusaini uongo. Yeye kwa kutokuwepo kwenye zamu yake."

"Nani amewaambia?"

Baba aliusukuma mfuko wa buti chini ya kitanda kwa mguu. Nukta aliporudi kutoka shule aliwakuta wote wawili wamekaa vilevile. Baba alimtazama muda mrefu, si kwa hasira, na hilo ndilo lililomkata maini.

"Meneja amenionyesha ile picha. Uliipiga kabla sijaamka?"

Nukta aliuweka mkoba wa shule sakafuni.

Kabla hajajibu, mtu akabisha hodi. Alikuwa mwalimu wa sanaa. Habari zilikuwa zimemfikia, naye alikuwa ameshika ile karatasi ya majina.

"Mzee, nimekuja kukupa pole, na kusema kweli nimekuja kuuliza," akasema akiwa bado amesimama. "Kama ulijua hatari iliyomo, kwa nini ulikubali? Sahihi yako hii hapa."

Baba akaipokea karatasi. Aliitazama sahihi, akamtazama mwanawe. Nukta aliona jinsi midomo ya baba ilivyotaka kusema kitu cha kumkinga, na akatambua kwamba akimwacha aseme, hataweza tena kumtazama usoni.

"Si yake," akasema. "Nimeiandika mimi. Baba hakujua hata kama picha ilipigwa. Nilimdanganya mwalimu."

Mama alishika kichwa. Mwalimu alikaa chini bila kukaribishwa.

Kesho yake mwalimu na Nukta walikwenda kiwandani. Ofisi ya meneja ilinukia sabuni mpaka kwenye mapazia. Nukta alisimama mbele ya meza na kusema yote: kwamba baba alikuwa macho tangu jana yake jioni, kwamba mke wa Msumari alikuwa mahututi, kwamba yeye mwenyewe aliiba sura ya baba yake na kughushi sahihi. Alilia, lakini hakuruka jambo.

Meneja alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, nikuulize. Upande wa pili wa ukuta wa chumba cha boila wanafanya kazi watu arobaini. Siku ile mshale ungepita mstari mwekundu, wangekwenda wapi?"

Nukta hakuwa amewafikiria hata mmoja.

"Wangekuja kuniomba, ningetafuta mtu wa kuwashikia," meneja akaendelea. "Walinificha. Sasa nisikie. Baba yako nitamrudisha, kwa sababu ana miaka kumi na moja hapa bila doa. Lakini boila hataigusa tena. Atakwenda chumba cha kufungasha, kubeba maboksi. Msumari alikuwa ameshapewa onyo mwaka jana. Huyo siwezi."

"Lakini mkewe alikuwa mgonjwa kweli!" Nukta akasema.

"Najua. Umeniambia wewe. Yeye hakuniambia."

Picha ilishushwa ukutani siku ileile. Mwalimu alimrudishia Nukta, na Nukta akaifuta pia kwenye simu, akiwa amesimama nje ya ukumbi. Kuifuta kulichukua muda mfupi kuliko kupiga.

Jumapili baba alimwambia avae viatu. Walikwenda kwa Msumari. Chumba chake kilikuwa kimoja, pazia likigawanya kitanda na jiko. Mkewe alikuwa amelala, mtoto mchanga ubavuni, na Msumari alikuwa akikunja nguo ndogondogo moja baada ya nyingine. Hakuinuka.

Nukta alipiga magoti. "Shikamoo, baba mdogo. Nimekuja kuomba radhi. Nilipiga picha bila ruhusa, nikasema uongo, na wewe umepoteza kazi. Nisamehe."

Msumari alimaliza kukunja nguo aliyokuwa nayo.

"Marahaba," akasema. "Baba yako sina kinyongo naye, nilimwomba mwenyewe na akanisaidia. Wewe ulikuwa ukija pale nakufungulia mlango. Ungeniuliza tu. Ungesema, nina picha ya Jumamosi, niiweke? Ningekuambia hapana, na leo ningekuwa kazini." Akachukua nguo nyingine. "Radhi nimeisikia. Kusamehe sijaweza bado. Nikiweza nitakuambia."

Baba alimpa Msumari mkono, wakaagana, naye na Nukta wakatoka. Walitembea hadi barabara kubwa. Mabega ya baba yalikuwa yameanza kuinama kwa sababu ya maboksi, na wiki haijaisha.

"Baba, nimesema ukweli wote," Nukta akasema hatimaye. "Kwa nini haujatosha?"

Baba alisimama ili lori lipite.

"Kwa sababu tuliusema baadaye. Mimi niliandika jina la Msumari kwenye daftari, nikajiona mtu mwema. Wewe ukaandika langu, ukajiona msanii. Sote wawili tulidhani ni wino tu. Lakini jina la mtu ni la mwenyewe, Nukta, na sura yake ni ya mwenyewe. Ukitaka kuvitumia, unamwuliza, tena unamwuliza kabla, wakati bado anaweza kukukatalia. Ukweli unaosemwa mapema unazuia mambo. Ukichelewa, kazi yake ni kuokota vipande, na vingine haviokoteki."

"Nisipige picha tena?"

"Piga. Umejaliwa jicho. Ila uwe na mdomo wa kuuliza pia."

Mwezi uliofuata Msumari aliihamisha familia yake akaenda kutafuta kazi mji mwingine. Nukta alipata habari hizo kwa fundi baiskeli, siku tatu baada ya wao kuondoka. Alikwenda mpaka kwenye kile chumba. Mlango ulikuwa na kufuli jipya, na mwenye nyumba, aliyekuwa akifagia uani, alimwambia hawakuacha ujumbe wowote kwa mtu yeyote.