Magamba Yaliyofunguka Kushoto

Pikipiki ilikuwa inapanda mlima wa Sekenke, na jua la saa nane lilikuwa limeichoma lami mpaka inang'aa kama maji. Injini yake ya haidrojeni ilikuwa na moto wa kutosha kuivisha ugali, lakini mzee aliyeiendesha alikuwa anaimba.

Injinia Namsifu Mbwambo aliisikiliza sauti ile kutoka kwenye kinasa, ndani ya chumba cha vipimo cha kiwanda chao Dodoma, huku akiitazama picha ya joto iliyowaka ukutani. Hii ilikuwa mara ya saba. Kwenye mapaja ya mwendeshaji rangi ilikuwa ya buluu, nyuzi thelathini na moja tu. Ukiangalia hapo peke yake, ilikuwa safari nzuri kuliko zote zilizowahi kurekodiwa.

Kila upande wa injini ile palikuwa na magamba mia sita ya chuma chepesi, membamba kama kucha, yamepangwa mfano wa mgongo wa kakakuona. Yalifunguka na kujifunga yenyewe kwa amri ya akili ya chombo. Kifaa kizima kiliitwa mgawajoto, na Namsifu ndiye aliyekibuni.

Waliozaliwa karibuni hawaijui adha ya pikipiki kubwa za masafa marefu za zamani. Injini ilikaa katikati ya miguu ya mtu kama jiko alilolipakata. Chombo kikikimbia, upepo uliipoza. Lakini kikipanda mlima na mzigo, au upepo ukitokea nyuma, au kikikwama kwenye foleni, feni ilipuliza hewa ya moto moja kwa moja mapajani. Watu walifunga vibati vya kukinga, wakabadilisha mafuta ya kupozea, wakasimama kila nusu saa kama wanaoswaga punda mgonjwa, na bado walifika Singida ngozi imeiva.

Namsifu hakuliondoa joto, maana joto haliondoki, huhamishwa tu. Alichofanya ni kukifundisha chombo kutafuta upande usio na mwili wa mtu, kisha kulitupa joto lote huko.

Siku ile ya Sekenke chombo kilichagua nyuma kushoto. Magamba yote ya upande huo yalifunguka na kubaki wazi kwa saa moja na dakika arobaini, yakipuliza hewa ya nyuzi themanini na mbili. Chini ya picha, chombo kilikuwa kimeandika taarifa yake kwa unyenyekevu: *Abiria: hakuna. Mzigo: kilo sitini na tatu. Hali: salama.*

Mzigo ule jina lake lilikuwa Mulaha Chilongani, mama wa miaka sitini na sita kutoka Bahi. Alikuwa amekaa upande.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Bwana Kihwelo, mkurugenzi wa kiwanda, kibao cha sahihi mkononi.

"Bado unaangalia tu? Utapofuka, dada."

"Nimeshapofuka, Bwana Kihwelo."

Mkurugenzi alikaa kwenye pembe ya meza. "Jumamosi pikipiki mia tatu zinaondoka hapa kwenda Tabora. Kitabu cha maelekezo kiko wazi: abiria apanue miguu, kila mguu na kikanyagio chake. Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne. Yule mama hakusoma. Tia sahihi kwamba alikaa vibaya, tumpelekee pole na matunda, maisha yaendelee."

"Kati ya hao mia tatu, wangapi wanakwenda na wake zao?"

"Nusu. Labda zaidi. Ni likizo, Namsifu, si semina."

"Nipe mpaka saa tisa."

"Saa tisa basi. Na matunda usisahau."

Alipobaki peke yake, Namsifu alikumbuka kile ambacho siku tatu hizi alikuwa anakizunguka kama mtu anayezunguka shimo. Katika majaribio ya kwanza mabegi yaliegemea kikanyagio kimoja cha nyuma, na chombo kikadhani ni mtu. Kilifunga magamba kumkinga huyo mtu asiyekuwepo, injini ikachemka mlimani. Namsifu akaandika kanuni fupi, mstari mmoja: uzito ukikanyaga upande mmoja tu, huo ni mzigo. Injini haikuchemka tena, na watu walimpigia makofi.

Mmoja tu hakupiga. Fundi Mdoe, mzee wa karakana aliyekaza kila nati ya chombo cha kwanza, alimfuata akifuta mikono kwa tambara. "Injinia, mama zetu wanakaa upande."

Naye alicheka. "Fundi, hii ni pikipiki ya watalii, siyo bodaboda ya kupeleka kuku sokoni."

Fundi Mdoe hakulisema tena. Na Namsifu, mtoto wa Upareni, mama yake mzazi alikwenda kwaya miaka yote amekaa upande juu ya pikipiki ya baba, miguu yote miwili kushoto, gauni limebanwa vizuri chini ya magoti. Hakuna mtu aliyehitaji kumfundisha Namsifu jambo lile. Alilijua kabla hajajua kusoma.

*

Hospitalini, miguu ya Mama Mulaha ilikuwa imelazwa ndani ya beseni refu la kioo lenye ute wa kuoteshea ngozi. Ute ule ulitengenezwa kwa chembe za mwili wake mwenyewe, na daktari alisema baada ya mwezi ngozi itakuwa imerudi yote. Vidole vitatu vya mguu wa kushoto havitarudi.

Mumewe, Mzee Chilongani, seremala mstaafu, alikaa kando ya kitanda. Kofia yake ngumu ya safari ilikuwa bado mapajani mwake, kana kwamba kuiweka chini kungekuwa kosa jingine.

"Karibu, mwanangu," alisema mama. "Wewe ndiye wa kiwandani?"

"Ndiye mimi, mama. Pole sana."

Mama akajiinua kidogo. "Baba Yona! Umesikia hiyo sauti? Ndiye huyu huyu anayesema 'safari njema' ndani ya chombo!"

Ni kweli. Walipotafuta sauti ya kukipa chombo, walichagua ya Namsifu, kwa kuwa ilikuwa tulivu.

"Basi nafurahi umekuja," mama aliendelea. "Nilitaka kuwaomba radhi. Wametuambia nilikaa vibaya. Nimewaharibia jina na chombo chenu kizuri."

Namsifu aliweka matunda mezani. Chungwa moja likabingirika, na alishukuru kupata la kuinamia. "Mama, joto hukulisikia?"

"Nililisikia tangu tulipotoka Igunga."

"Mbona hukusema?"

"Si wewe ulisema chombo hakimuunguzi mtu? Tangazo lenu lilikuwa redioni kila asubuhi. Nikajua ni hii miguu yangu, inawakaga siku nyingi. Nikaisema moyoni, miguu mibaya hii, hata siku moja ya starehe hainiachii." Alimtazama mumewe. "Tena huyu alikuwa anaimba. Miaka arobaini sijamsikia akiimba nje ya kanisa. Ningemkatizaje?"

"Ungenipiga hata ngumi mgongoni, Mama Yona," mzee alisema, akiiangalia kofia.

"Ningekupiga ungeangusha chombo. Wewe unaendesha kama umebeba mayai."

Walicheka wote wawili, kicheko kidogo kilichoishia njiani. Namsifu alifungua kinywa aseme. Maneno yote yalikuwa tayari. Alichosema ni, "Mungu akuponye, mama," akatoka.

Mwisho wa ujia palikuwa na chumba kidogo cha sala. Alipiga magoti. Alizoea kusema na Mungu kwa utaratibu: shukrani kwanza, kisha toba, kisha mahitaji. Leo hakupata pa kuanzia. Kila alipotaka kumwombea yule mama uponyaji, aliona kama anamwita Mungu aje afagie alipochafua yeye. Kisha akasema neno moja tu, "Nilicheka," na akajua hapo ndipo toba yake inapoanzia.

*

Saa tisa kasoro alikuwa karakanani. Bwana Kihwelo alikuwa amesimama na kibao chake, na Fundi Mdoe alikuwa ameshikilia pikipiki ile ile iliyorudishwa kutoka Sekenke.

"Fundi, iwashe. Ipandishie mlima wa uongo," alisema Namsifu. Ndivyo walivyoiita mashine ya kuviringisha magurudumu mahali pamoja.

"Namsifu, unafanya nini?" aliuliza mkurugenzi.

Namsifu alibana sketi yake chini ya magoti, akakaa nyuma, upande, kama mama yake. Taa ndogo ikawaka, na chombo kikasema kwa sauti ya Namsifu mwenyewe, tulivu, yenye upendo:

"Hakuna abiria. Mzigo umefungwa vema. Safari njema."

Magamba ya kushoto yakafunguka kwa mlio kama wa karanga kikaangoni. Upepo wa moto ukamfika kwenye miundi. Dakika ya kwanza ilikuwa kama kukaa karibu na jiko. Ya pili, machozi yalimtoka. Hakufikisha ya nne.

"Zima, Fundi."

Fundi Mdoe alizima, akamletea maji kwenye ndoo, akamwagia miguuni.

"Haya, umeonyesha," Bwana Kihwelo alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Tukiandika kwamba tulijua, kiwanda kinafungwa. Watu mia na tisini, wana watoto. Umewafikiria na hao?"

"Nimewafikiria. Sitaandika tulijua. Nitaandika nilijua."

Alichukua kibao, akafuta taarifa yote, akaandika mistari minne: kanuni ni yangu; Fundi Mdoe alinionya; nilimcheka; abiria hakukosea. Akatia sahihi. Kisha akatuma ile amri ambayo yeye na mkurugenzi peke yao waliruhusiwa kuituma, na pikipiki zote za mgawajoto zilizokuwa zimeegeshwa, kutoka Dodoma hadi Tabora, zikajifunga zisiwake. Zilizokuwa njiani zilipunguza mwendo na kusimama kando ya barabara.

"Umetumaliza, dada," Kihwelo alisema taratibu.

"Labda," alijibu.

*

Kabla jua halijazama alikuwa tena kando ya lile beseni la kioo, akichechemea. Safari hii alisema yote, tangu mabegi ya majaribio mpaka kuku wa sokoni. Mzee Chilongani aliiweka kofia sakafuni.

Mama Mulaha alisikiliza bila kumkatiza. Mwishowe aliuliza, "Kwa hiyo uliambiwa?"

"Niliambiwa, mama."

"Na ukajua."

"Nilijua tangu mtoto."

Mama aliigeukia miguu yake ndani ya ute, akaitazama kama mtu anayewatazama ndugu aliowasingizia wizi. "Umesikia, Baba Yona?" alisema polepole. "Haikuwa miguu yangu."

Mzee alimshika mkono.

"Mama," Namsifu alisema, "naomba niombe pamoja nanyi."

"Omba, mwanangu. Nani anaweza kumzuia mtu kuomba?" Mama Mulaha alifumba macho. "Ila amina yangu usiisubiri leo."

Namsifu alipiga magoti juu ya miguu yake iliyoungua, akaomba. Alipomaliza, alisema amina peke yake, kichwa chini.