Kasa Aliyeshindwa Kuinua Kichwa

Jumamosi moja ya Julai, mwaka 2006, Kiplagat na mkewe Jerotich walimpeleka binti yao Serah kwenye Ghuba ya Chesapeake. Wao ni Wakenya, wanaishi Columbia Heights, Washington. Jerotich hutunza wazee majumbani mwao, na ni nadra apate Jumamosi ya kupumzika. Rafiki yao Leokadia, Mtanzania anayesomea viumbe wa baharini kule Fairfax, alifuatana nao.

Serah ndiye aliyemwona kwanza. Mnyama mwenye gamba pana la kahawia alikuwa amelala mchangani, kichwa chini.

"Ni kobe," Kiplagat alisema. "Tumrudishe kwa maji haraka, atakufa."

Akashika gamba. Serah akachota maji kwa viganja ammwagie puani.

"Serah, si puani," Leokadia alisema. "Shemeji, mwache kwanza."

"Nimwache juani? Si huyu ni mnyama wa maji?"

"Huyu ni kasa. Anaishi baharini, lakini ana mapafu kama wewe. Akitaka kupumua, huinua kichwa juu ya maji, akavuta hewa kwa pua. Akizama, hufunga njia ya mapafu. Kisha huingiza maji kidogo puani na kuyatoa, ili anuse chakula. Pua yake inanusa hewani na majini. Lakini kupumua, ni hewani tu. Huyu anaumwa. Ukimtia majini, hataweza kuinua kichwa. Atazama."

Kiplagat hakuachia gamba.

"Ni kama yule mzee ninayemtunza," Jerotich alisema polepole. "Hawezi kumeza vizuri. Nikimpa maji akiwa amelala, yataingia kwenye mapafu."

Hapo Kiplagat akaondoa mikono.

Leokadia akawapigia simu waokoaji wa wanyama wa baharini. Wakalifunika gamba kwa taulo mbichi, pua wakaiacha wazi. Wakangoja. Kila pumzi ilipokawia, Serah alimshika baba yake mkono.

Waokoaji walifika, wakamchukua. Baadaye waliwaarifu kwamba alikuwa na ugonjwa wa mapafu, na wanamtibu.

Septemba familia na Leokadia waliitwa kumwona akirudishwa baharini. Kasa alijikokota hadi kwenye mawimbi, akapotea. Kisha kichwa kikaibuka mbali, kikavuta hewa, kikazama tena.

"Siku ile ningemuua," Kiplagat alisema.

"Ulitaka kumsaidia," Leokadia alijibu.

"Ndiyo. Nilitaka sana. Na bado ningemuua."