Mstari Aliouongeza Mgeni

Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara anaapa aliona kwa macho yake mawili: mchapaji wa duka la fotokopi alimrushia yule mwanafunzi mgeni rundo la karatasi usoni, kijana akaziokota huku machozi yanamtiririka. "Wale wamekwisha," anasema, msumari mdomoni.

Basi, karatasi ilikuwa moja tu, na aliyeirusha ni feni. Machozi ndiyo, yalikuwepo, ila hayakuwa ya mwanafunzi.

Walikutana siku ya kuandikishwa chuoni, foleni imefika hadi barabarani, kila mtu anataka nakala ya cheti. Kijana alikuwa amevaa sweta zito la buluu kwenye jua la kuchoma.

"Kaka, utaiva humo ndani," mchapaji alimwambia dirishani.

"Shati la ndani lina tundu," akanong'ona. "Bora niive."

Mchapaji alicheka hadi akaharibu nakala tatu. Tangu hapo akamwita Mgeni, na Mgeni akawa anapiga simu kila jioni.

"Umekula?"

"Nimekula. Mimi na ukuta."

"Ukuta umekusalimu?"

"Una adabu kuliko wenzangu wa chumbani, mpenzi. Wao wakicheka, sijui wanacheka nini. Nami nikicheka nimeshachelewa, basi wananicheka mimi."

Ikapita hivyo miezi minane. Juzi asubuhi Mgeni akaacha karatasi ya kuchapwa, akakimbilia darasani. Ilikuwa barua ya kuomba kuhamia chuo cha kwao. Barua hiyo wanafunzi wa kigeni hurithishana. Anayekuja hunakili ya aliyetangulia, akabadilisha jina na tarehe. Mchapaji alikuwa ameshaichapa mara kumi na moja, anaijua kwa moyo. Akaanza bila hata kutazama. Alipofika aya ya mwisho akatupia karatasi jicho, vidole vikasimama. Akachapa hivyo hivyo, kazi ni kazi. Lakini simu hakuipokea, jana wala juzi.

Leo mchana Mgeni akaja. Mchapaji akaisukuma barua dirishani, feni ikaipeperusha hadi barabarani. Mgeni akaiokota, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati.

"Mpenzi, usinikasirikie. Wote wanaandika hivi, mimi nimenakili tu."

"'Hapa hakuna mtu atakayeuliza nimekwenda wapi.' Huo mstari haumo, Mgeni. Nimeichapa mara kumi na moja. Huo umeuongeza mwenyewe." Akajifuta machozi kwa upindo wa khanga. "Kwani mimi si mtu?"

Mgeni akaelekeza kidevu ndani ya duka.

"Shangazi yako yuko hapo nyuma ya pazia. Duka lake, nyumba yake. Kila akiuliza unaongea na nani, unamjibu nini?"

Mchapaji akainamisha kichwa.

"Mteja tu," Mgeni akajijibu mwenyewe. "Miezi minane nasikia hilo neno. Nalala nalo, naamka nalo. Mteja akihama, nani anauliza?"

"Atanirudisha kwa mama siku hiyohiyo! Hataki hata kusikia habari za wanafunzi wa kigeni. Anasema wakishamaliza masomo wanapanda ndege, na aliyebaki anabaki na kulia."

"Na mimi je, nikibaki hapa nikilia na ukuta?"

Mchapaji alimwona jinsi alivyokonda. Kola ya shati ilikuwa inamzunguka shingo kama ya kuazima.

"Ofisi ya msajili inafungwa saa kumi," Mgeni akasema taratibu. "Na sitaki kuipeleka, Mungu ni shahidi. Leo shangazi akiuliza, mwambie mimi ni nani kwako. Nakuomba hilo moja tu."

Nyuma ya pazia kiti kikalia, kandambili zikaburuzika sakafuni.

"We mwanangu," shangazi akaita, "unaongea na nani huko muda wote huo?"

Mgeni alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili, barua imekunjamana kati ya vidole. Mchapaji alimtazama yeye, akatazama pazia.

"Si nimekuuliza? Nani huyo?"