Redio Iliyoogeshwa

Kila mwisho wa mwaka redio ilipiga nyimbo ishirini zilizopendwa zaidi, kuanzia wa ishirini hadi wa kwanza. Safari hii Chiriku aliwaalika wanafunzi wenzake waje kusikiliza kwao. Tangu asubuhi alikuwa akipanga viti na kuamrisha watu, huku mdogo wake, Kijiti, akikaanga karanga jikoni.

Baba akaingia sebuleni, akawasha redio. Kimya. Akaigonga. Kimya vilevile.

"Nani kaichezea redio yangu?"

"Kijiti," Chiriku alijibu haraka. "Nilimwona akiishikashika."

"Mimi? Sijaigusa hata kwa kidole!"

"Nyamaza!" baba alifoka. "Sherehe huioni. Chumbani!"

Kijiti aliubamiza mlango. Uongo mchana kweupe! Na baba naye, hata kumuuliza mara mbili hakumuuliza. Wageni walipoanza kuingia, alimsikia mmoja akimuulizia.

"Kaharibu redio," Chiriku alijibu. "Kaadhibiwa."

Hapo uvumilivu ulimwisha Kijiti. Alitoka mbio, akasimama katikati ya wageni.

"Muongo mkubwa! Sema mbele ya hawa, nimeigusa saa ngapi?"

Chiriku aliinamisha macho. Wakati huo baba alikuwa amepakata redio, akifungua mfuniko wa nyuma. Maji yalimchuruzikia mapajani, yakifuatwa na povu la sabuni.

"Nani kaiogesha redio?"

"Ni mimi, baba," Chiriku alikiri. "Nilitaka ing'ae mbele ya wageni."

Wageni waliangua kicheko. Kijiti hakucheka.

Baba aliweka bisibisi chini. "Mwanangu Kijiti, nisamehe. Nimekuhukumu bila kukusikiliza." Kisha akamgeukia Chiriku kwa ukali. "Redio ina fundi. Lakini jina la mdogo wako umelichafua wewe, na wa kulisafisha ni wewe. Kila atakayeuliza, utamweleza ukweli kwa mdomo wako."

Mama aliwaongoza wote kwa kinyozi jirani, aliyekuwa na redio kubwa. Kijiti alipanda kiti cha kunyolea, akakunja mikono, uso umemvimba kwa hasira. Wageni waliochelewa walifika mmoja mmoja, wakiuliza kwa nini sherehe imehama.

"Redio niliiharibu mimi, nikamsingizia mdogo wangu," Chiriku alijibu kila mara.

Mtangazaji alipotaja wimbo wa kwanza, watu wote walishangilia. Chiriku alikuwa bado amesimama mlangoni peke yake, akifuta machozi. Kijiti alimtazama, akasonya, kisha akajisogeza pembeni ya kiti.

"Njoo ukae," alisema. "Lakini bado nimekasirika."