Gazeti Lililobandikwa Juu ya Kitanda Changu

Nina miaka kumi na minane, naishi Silanga, Kibera, na mama yangu anayeuza sukuma wiki. Haya nayasimulia bila machozi, wasomaji wenzangu. Machozi yaliisha... au yalikataa kuja, sijui.

Nilizaliwa msichana, lakini tangu utotoni moyo wangu uliniambia vingine. Nilipofika kidato cha pili nilikuwa silali wala sili. Mama alinipeleka kliniki moja ya Kawangware, karibu na steji ya matatu namba 56, kwa muuguzi aliyezungumza na vijana kila Alhamisi. Sista, ndivyo tulivyomwita, hakuniambia mimi ni nani. Aliniuliza, akanisikiliza, akanimiminia chai. Dawa sikupewa hata moja. Polepole nikaanza kulala, nikarudi shule.

Kisha akaja mwandishi wa gazeti. Sista alikataa kumpa habari zetu, basi akaningoja nje, akaninunulia soda.

"Niaje? Stori yako itasaidia mayut wengine kama wewe."

"Sawa, lakini andika vile iko. Sisi huongea tu."

Akaitikia kwa kichwa. Kwa nini nisimwamini?

Gazeti lilipotoka, kichwa kilipiga kelele: KLINIKI YAGEUZA WASICHANA KWA SINDANO! Sindano gani, jamani? Jina langu hakulitaja, ila aliandika "binti wa muuza mboga wa Silanga anayenyoa kama mvulana". Nilingoja nitambuliwe. Wapi! Kwetu magazeti hayanunuliwi kila siku. Nikadhani nimepona.

Lakini mvua za El Nino zilikuwa zimeharibu ukuta wetu wa udongo, na Kibera kila mtu anajua dawa yake: magazeti ya zamani na uji mzito wa unga wa ngano. Mama hajui kusoma. Alinunua rundo dukani, akabandika chumba kizima nikiwa shuleni. Niliporudi alikuwa akitabasamu. Ukurasa ule ulikuwa juu ya kitanda changu! Ningemwambia nini... na akina mama wa kanisa walikuwa tayari mlangoni, wamekuja kwa maombi?

Mmoja wao aliinuka na Biblia mkononi, lakini akasoma ukuta kwanza.

"Mama Achieng, huyu si wako? Kumbe unampeleka adungwe?"

Mama aliangalia ukuta, akaniangalia mimi. Maombi yaliishia hapo.

Habari ikafika Kawangware kabla ya Jumapili. Mwenye ploti ya kliniki alimfukuza Sista, eti watu wametishia kuchoma nyumba yake. Hakuna aliyeuliza kama sindano hizo zilikuwepo. Usingizi ukanitoka tena, na shule nikaacha. Sista sijui aliko.

Gazeti lilisahihisha, ndiyo... mistari mitatu, chini ya matangazo ya vifo! Nisingeiona kama Mama asingefungiwa samaki wa omena kwa karatasi hiyo kule Kisumu Ndogo, hapa hapa Kibera. Nilimsomea. Alikata kile kipande, akapika uji, akakibandika juu ya ule ukurasa.

Ndugu zangu mnaoandika, andikeni mlichokiona. Nanyi mnaosoma, ulizeni kabla ya kumhukumu mtoto wa mwenzenu. Nawasihi, kwa sababu mimi hulala chini ya ukurasa ule. Kipande cha Mama kilifunika neno moja tu, SINDANO. Mengine yote bado yanasomeka.